Kidonda Huanza Njiani

Kifusi kinaposhuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wachimbaji hawasubiri gari la wagonjwa. Humfukua mwenzao kwa sururu na mikono, wakamlaza juu ya ubao au mlango uliong'olewa, wakamfunga kwa kamba asiyumbe, safari ikaanza. Kutoka Kata ya Mbangala, safari hiyo hulenga kwanza Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ilipo Hospitali ya Mwambani. Ikionekana mgongo umevunjika, mgonjwa huendelea hadi Mbalizi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Akihitaji upasuaji mkubwa zaidi, humngoja Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 mbele.

Kila kituo huandika jambo: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, dawa ya maumivu aliyopewa, majibu ya eksirei. Jambo moja ni nadra kuliona kwenye karatasi hizo: amelala chali kwa saa ngapi, na ngozi ya makalio yake ikoje.

Siku kadhaa baadaye, wodini, ndugu anayembadilishia shuka huona doa jeusi juu kidogo ya mfereji wa makalio. Halivuji, halinuki, na mgonjwa mwenyewe halihisi kwa kuwa amepooza kuanzia kiunoni. Baada ya wiki doa hilo huchimbika, na chini yake kukakutwa shimo linaloweza kumeza ngumi ya mtoto. Hapo lawama huanza kugawanywa: manesi hawakumgeuza, ndugu hawakumwogesha, godoro lilikuwa bovu. Huenda yote ni kweli. Lakini nyama iliyokufa huchukua siku kadhaa kujitokeza juu, na mara nyingi ilianza kufa mgonjwa akiwa bado barabarani, juu ya ule ubao.

Vidonda vya kulalia huhesabiwa kuwa aibu ya wodi. Kwa mgonjwa wa Mbangala huanza kabla ya wodi na kuendelea baada yake, katika chumba cha nyumbani ambako hakuna nesi. Katikati ya vituo hivyo vyote mtu asiyebadilika ni mmoja, yaani ndugu anayeuguza. Kinga ya kidonda hiki iko mikononi mwake kuliko mwa daktari yeyote, na bado huyo ndiye tunayemwacha afanye kazi kwa kubahatisha.

Mkoa wa mashimo na malori

Songwe ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kata ya Mbangala yenyewe ilikuwa katika Wilaya ya Chunya kabla ya Wilaya ya Songwe kuzaliwa. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa mzima una watu zaidi ya milioni 1.3. Kazi zinazowavunja watu migongo ni za zamani kuliko mkoa. Dhahabu ya Lupa imekuwa ikivuta watu tangu miaka ya 1920, na hadi leo vijana huteremka mashimoni kwa kamba, wakitegemea matimba, yaani nguzo za mbao, kuzuia kuta. Upande wa pili wa mkoa, Tunduma, malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni kwenye barabara kuu ya TANZAM, na bodaboda hupenya katikati yao usiku na mchana. Baina ya machimbo na mpaka kuna mashamba, na mashambani watu huanguka kutoka juu ya miti.

Kutoka Moshi kuna picha inayoonyesha yanayofuata baada ya ajali hizo. Watafiti walipitia majalada ya Hospitali ya Rufaa ya KCMC ya mwaka 2010 hadi 2014 na kukuta watu 288 waliolazwa kwa kuumia uti wa mgongo. Wengi walikuwa wanaume. Kuanguka kutoka juu ndiko kulikoongoza, ajali za barabarani zikafuata. Katika matatizo yaliyowapata wakiwa wamelazwa, lililoandikwa mara nyingi kuliko jingine lolote lilikuwa vidonda vya kulalia, mbele ya matatizo ya kupumua.

Waliovunjika mgongo ni kundi moja tu. Kiharusi kinalaza wengi. Uchunguzi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa Watanzania wanapata kiharusi kwa kiwango cha juu, hasa mijini. Wapo pia wazee waliovunjika nyonga, wagonjwa wa saratani waliokonda, watoto wenye mtindio wa ubongo wasioweza kujigeuza, na wagonjwa wa ICU waliolazwa usingizi kwa dawa. Wote hawa, kwa sababu moja au nyingine, wamepoteza kitu ambacho mtu mwenye afya hukifanya usiku kucha bila kujua: kujigeuza.

Kinachotokea chini ya ngozi

Mtu mwenye afya akikaa vibaya kwa dakika chache, mwili humsukuma asogee. Maumivu yale ni taarifa kwamba damu haifiki mahali fulani. Aliyepooza hapati taarifa hiyo, na aliyepungukiwa fahamu huipata asiweze kuifanyia kazi. Mfupa unaendelea kukandamiza nyama dhidi ya godoro, mishipa midogo ya damu inabanwa, na nyama inakosa hewa na chakula.

Sehemu zinazoumia ni zile ambako mfupa uko karibu na ngozi: mfupa wa chini ya kiuno hadi kifandugu, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Kwa anayeketi kwenye kiti mwendo ni ile mifupa miwili ya kukalia. Kwa mgonjwa wa hospitali ni popote penye kifaa kinachobana: mpira wa oksijeni nyuma ya sikio, ukingo wa plasta ya mguu, kola ya shingo.

Kwa kuwa nyama iliyo jirani na mfupa hubanwa zaidi, kidonda kibaya hukua kutoka ndani kuja nje. Ngozi inapochanika, uharibifu wa chini umeshaenda mbali. Ndiyo maana watu husema kidonda "kimetokea jana" huku kikiwa na kina cha wiki nzima.

Uzito wa mwili una wasaidizi. Mgonjwa akiinuliwa kichwa cha kitanda ili ale, kisha akaachwa hivyo, mwili huteleza polepole kuelekea miguuni. Ngozi inang'ang'ania shuka huku mfupa ukishuka, na mishipa iliyo katikati inavutwa na kujikunja. Kumburuta mgonjwa badala ya kumnyanyua huchubua ngozi. Jasho, mkojo na choo huilainisha hadi ichubuke kwa urahisi. Homa, upungufu wa damu, kisukari na njaa humalizia kazi.

Waliosema hakiepukiki

Kwa muda mrefu madaktari wakubwa waliamini kidonda hiki ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Katika karne ya 19, Jean-Martin Charcot, bingwa wa mishipa ya fahamu wa Paris, alifundisha kwamba kinatokana na kuharibika kwa mishipa, na kwamba kikionekana kifo kimekaribia. Kama ni hivyo, kumgeuza mgonjwa kulikuwa kupoteza nguvu.

Ushahidi wa kupinga hilo ulitoka kwa mtu wa upande wetu wa dunia. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817. Katika miaka ya 1850 alikata uti wa mgongo wa wanyama wadogo wa maabara, kisha akawaweka wakavu, wasafi na bila kugandamizwa mahali pamoja. Wanyama walipooza, vidonda havikutokea. Kupooza peke yake hakutengenezi kidonda. Kinachokitengeneza ni kukandamizwa na unyevu. Hata hivyo sauti ya Paris ilikuwa kubwa zaidi, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wengi waliovunjika mgongo walikufa kwa vidonda vilivyooza na maambukizi ya mkojo.

Mabadiliko yalikuja Februari 1944 katika Hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alikabidhiwa wodi ya askari waliopooza. Hakuwa na dawa mpya ya kushangaza. Alikuwa na ratiba: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi ikaguliwe kila anapogeuzwa. Wagonjwa waliokuwa wakihesabiwa wafu wakaanza kuishi, wakachoka kukaa bure, na tarehe 29 Julai 1948 akawaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde. Michezo ya Paralimpiki ilizaliwa hapo.

Karibu nasi, Nairobi ina Hospitali ya Taifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, ambayo nayo mizizi yake ni askari wa Vita vya Pili. Udogo wake ndio uliomsukuma Zack Kimotho, Mkenya aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, kuanza safari ya kiti mwendo kuelekea Afrika Kusini mwaka 2012 ili kuchangisha fedha za hospitali kubwa zaidi.

Asidhani mtu kwamba fedha pekee zinatosha. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana dunia nzima kwa filamu za Superman, alipooza mwaka 1995 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Alikuwa na wauguzi wake na vifaa ambavyo hospitali zetu nyingi hazina. Oktoba 2004, akiwa na umri wa miaka 52, alikuwa akitibiwa kidonda cha kulalia kilichopata maambukizi, moyo ukasimama.

Kiganja kwanza, jicho baadaye

Vitabu vingi vya uuguzi vinaanza kuelezea kidonda cha kulalia kwa neno wekundu. Bonyeza kwa kidole, vinasema, halafu uachie: ngozi ikiwa nyeupe na kurudi nyekundu, damu inapita, wekundu usipoondoka, hiyo ni hatua ya kwanza. Maelezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Katika ngozi ya mtu wa Mbangala wekundu huo mara nyingi hauonekani, na nesi anayeusubiri atakisubiri kidonda chenyewe.

Kwenye ngozi nyeusi dalili ni nyingine. Mahali pale huwa peusi zaidi kuliko pembeni, au hugeuka zambarau au kama pana vumbi la buluu. Wakati mwingine ngozi hung'aa na kukaza. Zaidi ya hapo, dalili za mapema hupatikana kwa kushika. Weka kiganja juu ya mfupa wa chini ya kiuno, kisha kihamishie pembeni, upande wa kushoto na wa kulia. Linganisha: pana joto zaidi, au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama panabonyea? Pamevimba? Mwenye hisia muulize kama panauma. Tofauti yoyote inatosha kuchukuliwa kuwa kidonda kimeanza. Usiku, tochi ya simu ielekezwe kwa pembeni ili ionyeshe ngozi iliyovimba au inayong'aa, maana mwanga wa moja kwa moja huficha.

Kuanzia hapo hatua huhesabiwa hivi. Katika ya kwanza ngozi haijachanika ila imebadilika. Katika ya pili ngozi ya juu imetoka, au kuna lengelenge. Katika ya tatu kidonda kimezama hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Katika ya nne misuli, kano au mfupa vinaonekana au vinashikika. Kuna pia kidonda ambacho kina chake hakiwezi kujulikana kwa kuwa kimefunikwa na gamba jeusi au utando wa njano, na kuna jeraha la ndani linalojionyesha kama doa la zambarau chini ya ngozi iliyo nzima. Doa hilo ndilo linalowadanganya ndugu wengi. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani lililotunga hatua hizi liliacha kuviita vidonda na kuanza kusema majeraha ya mgandamizo, kwa sababu madhara huanza ngozi ikiwa bado haijafunguka.

Nesi mwenye wagonjwa 30 hawezi kuwalinda wote kwa kiwango kimoja, kwa hiyo wataalamu waliunda vipimo vya karatasi vya kuchagua nani yuko hatarini zaidi. Doreen Norton alitoa chake Uingereza mwaka 1962. Kinachotumika sana leo kilitungwa na Wamarekani Barbara Braden na Nancy Bergstrom, kikachapishwa mwaka 1987. Kinauliza mambo sita: mgonjwa anahisi kiasi gani, ana unyevu kiasi gani, anatoka kitandani, anaweza kujisogeza, anakula vipi, na mwili wake unateleza na kusuguana na kitanda? Jumla huanzia 6 hadi 23, na 18 kushuka chini ni hatari. Hakihitaji umeme wala kifaa. Kinahitaji dakika chache siku ya kulazwa, na kurudiwa hali inapobadilika.

Kazi ya khanga iliyokunjwa

Kumgeuza mgonjwa kuna utaalamu wake, na unafundishika kwa nusu saa. Khanga au shuka hukunjwa mara mbili na kutandikwa chini ya mgonjwa, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Watu wawili husimama huku na huku, wakaviringisha ncha za khanga hadi karibu na mwili, wakahesabu pamoja, wakamnyanyua. Hawamburuti. Aliyevunjika mgongo au shingo na bado hajafungwa vyuma huhitaji watu watatu au wanne, mmoja akishika kichwa na shingo tu, na mwili wote uzunguke kwa pamoja kama gogo. Hilo lisijaribiwe kabla muuguzi hajaonyesha.

Akiwa ubavu asilazwe wima juu ya nyonga, kwa sababu nyonga nayo ni mfupa. Mto uwekwe nyuma ya mgongo ili ainame nusu tu, uzito ukae kwenye nyama ya tako. Mto mwingine ukae kati ya magoti. Wa tatu uwekwe chini ya mashavu ya miguu, ili visigino vining'inie. Pitisha karatasi kati ya kisigino na godoro: ikipita bila kukwama, umepatia. Kichwa cha kitanda kisiinuke sana isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baada yake.

Kisha ratiba. Saa 12 asubuhi ubavu wa kushoto, saa 2 chali, saa 4 ubavu wa kulia, na kuendelea. Daftari la shule likifungwa kwa uzi kwenye kitanda linatosha: saa, upande, jina la aliyegeuza, ngozi ilivyo. Utafiti mmoja uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wazee waliolala kwenye magodoro ya sponji nzito hawakupata vidonda zaidi walipogeuzwa kila saa 3 au 4 kuliko kila saa 2. Hiyo ni habari njema kwa anayeuguza peke yake usiku, ila inahusu godoro zuri. Godoro lililobonyea katikati halina msamaha huo. Ingiza kiganja chini ya godoro, usawa wa makalio ya mgonjwa. Ukiuhisi mfupa wake, godoro limekwisha.

Yapo mambo yanayofanywa kwa nia njema na yanaharibu. Kumkalisha mgonjwa juu ya tyubu au duara la sponji hubana damu kuzunguka kidonda, na katikati pakazidi kukosa. Glovu zilizojazwa maji chini ya visigino zinateleza na kukandamiza vilevile. Kusugua kwa spiriti mahali palipobadilika rangi kulifundishwa zamani hata vyuoni. Leo inajulikana kwamba kusugua nyama iliyoumia huichana zaidi, na spiriti huikausha ngozi. Mahali hapo paoshwe taratibu, pakaushwe kwa kugusa, pasilaliwe.

Chakula, unyevu na haya

Nyama mpya haijengwi na uji mtupu. Miongozo ya kimataifa humpa mtu mzima mwenye kidonda, aliye na lishe duni au hatarini kuipata, gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mwenye kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Maharage ya Mbozi, dagaa waliosagwa kwenye uji, karanga na samaki wa Ziwa Rukwa vinaweza kufika kiasi hicho bila kopo la dukani, mradi viliwe kidogo kidogo mara nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Mkojo na choo vinahitaji mtu wa karibu. Mgonjwa abadilishwe mara anapolowa, aoshwe kwa maji na sabuni laini, akaushwe, apakwe mafuta ya mgando ili unyevu usiingie. Shuka linyooshwe, makombo yatolewe.

Hapa ndipo haya inapoingia. Kidonda cha makalioni hakionyeshwi hovyo. Mama mzee hataki kijana wake amfunue. Kwa Wanyakyusa na majirani zao, mkamwana hamkaribii baba mkwe hata kwa salamu ya kawaida, sembuse kumwogesha. Matokeo yake mgonjwa hufunikwa vizuri, huombewa, hulishwa, na hakuna aliyeutazama mgongo wake kwa siku nyingi. Mficha maradhi kilio humuumbua. Familia inayomrudisha mgonjwa nyumbani ikae mapema na kuamua nani atamfunua nani, bila kuvunja heshima: dada wa mzee, mjukuu, jirani wa rika lake. Mhudumu wa afya aulize swali hilo wazi kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Kidonda kikishatokea

Dawa ya kwanza ya kila hatua ni kuacha kukilalia. Hakuna bandeji inayoponya kidonda ambacho bado kinabanwa. Hatua ya kwanza mara nyingi hurudi yenyewe mgandamizo ukiondoka. Kuanzia ya pili, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali au kama muuguzi atakavyoelekeza, kisha kifunikwe kwa namna inayokiacha na unyevu wa kiasi. Kidonda kilichokaushwa kabisa hupona polepole; kinacholowa hadi pembeni huozesha ngozi nzima. Gozi ikiingizwa shimoni ijaze kwa ulegevu. Ikishindiliwa, imegeuka kuwa mgandamizo mwingine kutoka ndani.

Kuna vitu havipaswi kukikaribia: majivu, dawa ya meno, unga wa vidonge, na samadi, ambayo huweza kuleta pepopunda. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua wadudu na nyama changa pamoja. Asali imechunguzwa na hospitali kadhaa duniani huitumia, lakini huwa imesafishwa maalumu kwa vidonda. Ya chupa ya barabarani si hiyo, basi nesi aulizwe kwanza.

Nyama iliyokufa huondolewa na aliyefunzwa. Gamba jeusi, kavu na gumu la kisigino, lisilo na usaha wala uvimbe, huachwa lilivyo kwa sababu linakinga. Antibayotiki hazitibu kila kidonda chenye utando. Huhitajika maambukizi yanaposambaa, na dalili zake ni hizi: homa, kutetemeka, joto na uvimbe unaotanuka, usaha, harufu iliyobadilika ghafla, au mgonjwa kuanza kuweweseka. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Mfupa ukionekana, maambukizi yanaweza kuingia ndani yake na kuhitaji dawa za wiki nyingi. Baadhi ya vidonda vya hatua ya tatu na nne huzibwa kwa upasuaji wa kuhamisha nyama, nao hushindwa vilevile mgonjwa akirudi kulalia palepale.

Kila wiki kipimwe urefu, upana na kina, kiandikwe kwenye lile daftari. Zikipita wiki mbili bila nafuu yoyote, mpango wote utazamwe upya, kuanzia godoro na sahani.

Anayepona kiasi cha kuketi ana hatari mpya. Kwenye kiti mwendo, ajinyanyue kwa mikono au aegemee mbele na pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30, akalie mto wa sponji unaomfaa, na ajikague asubuhi na jioni kwa kioo. Moshi kuna chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, na kuna chama cha walioumia uti wa mgongo Kilimanjaro, KASI. Aliyekaa miaka kwenye kiti bila kidonda ni mwalimu ambaye hakuna kitabu kinachomfikia.

Mistari mitatu kwenye barua ya rufaa

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Wengi watapita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za chanjo, uzazi na vyandarua. Wapewe swali moja zaidi: humu ndani kuna mtu asiyejigeuza? Likijibiwa ndiyo, waonyeshwe kisogo, mgongo na visigino vyake.

Mengine hayangoji bajeti ya taifa. Barua ya rufaa inayotoka zahanati au Mkwajuni iongezwe mistari mitatu: ameumia saa ngapi, amegeuzwa mwisho saa ngapi, ngozi ya makalio na visigino ikoje. Anayempokea atajua pa kuanzia, na dereva atajua kwamba kusimama dakika tano kumwondolea mgonjwa mgandamizo, akisaidiwa na mhudumu aliyefuatana naye, ni sehemu ya tiba. Mgonjwa akifika, atolewe kwenye ubao mgumu mara daktari anaporuhusu, asingoje zamu ibadilike.

Na kabla ya kuruhusiwa, ndugu asipewe maelezo ya mdomo tu mlangoni. Amgeuze mgonjwa mbele ya nesi, apitishe karatasi chini ya kisigino, aweke kiganja panapostahili na kusema anachohisi. Akipatia, aandikiwe kwenye kadi kwamba amefundishwa. Asipopatia, mgonjwa alale siku moja zaidi. Siku hiyo ya ziada ni nafuu kuliko miezi ya kusafisha shimo.

Kila Alhamisi ya tatu ya Novemba dunia huadhimisha siku ya kuzuia vidonda hivi. Hospitali inayotaka kuiadhimisha haihitaji fulana wala maandamano. Ipite kila wodi, iwageuze wagonjwa wote, ihesabu vidonda ilivyovikuta na kubandika idadi hiyo ukutani, ndugu waisome.